Konzi moja ya nyasi si sampuli

Juzi mfugaji mmoja wa Mwakirunge aliniletea konzi ya hei, yaani nyasi kavu, aina ya boma rhodes, ndani ya bahasha ya kaki, akitaka ipimwe protini maabara. Alikuwa ameichomoa ubavuni mwa robota moja tu, lile la juu kabisa kwenye lori. Nikaimwaga mezani: vijiti vitupu. Majani, ambako ndiko protini iliko, yalipukutika pale pale alipokuwa akivuta. Angelisha miezi miwili kwa jibu la vijiti.

Hesabu yake hii hapa. Ng'ombe akila kilo 10 za hei kavu yenye protini asilimia 10, amepata kilo nzima ya protini. Ikiwa asilimia 6, amepata gramu 600. Pengo hilo la gramu 400 ni kama kilo 2 za mashudu ya nazi, kwa kila ng'ombe, kila siku. Sampuli mbovu itakununulisha mashudu yasiyohitajika, au ikufiche njaa iliyomo zizini.

Kwa sampuli ya kweli, mwambie fundi wa chuma akukatie bomba la sentimita 50, tundu lake kama sentimita 2, aunoe mdomo mmoja. Lichomeke kwenye kichwa cha robota, ule upande mdogo, ukilizungusha mpaka lizame sentimita 30 hadi 45. Ubavuni hapana. Robota moja, tundu moja, na marobota yawe 20 kwa jumla, yakitoka pembe zote za mzigo, hata yale yaliyochujuka rangi. Nimesema 20. Usiniletee ya matano ukaniambia jua lilikuwa kali. Na muuzaji akikuchanganyia nyasi za mashamba mawili, hizo ni sampuli mbili.

Kila kinachotoka bombani kiingie papo hapo kwenye mkebe wenye kifuniko cha kukaza. Kwa hewa yetu hii ya pwani, bahasha ikilala usiku mmoja tu kipimo cha maji kimeharibika, nawe unakihitaji: hei ikipita asilimia 15 ya maji, ukungu uko njiani. Usichambue, usipunguze kwa mkono. Isipofika gramu 200, toboa mengine. Peleka Jumatatu asubuhi, si Ijumaa jioni maabara ikifungwa.

Ng'ombe asiposaza vijiti horini na maziwa yasiposhuka, umepatia.

Andika pia juu ya mkebe tarehe, hei ilikotoka na idadi ya marobota. Nina mikebe mitatu ofisini isiyo na jina, na wenyewe wananipigia simu kila siku kuuliza majibu.