Jinsi ya kujua mapema kama mtambo wa makaa ya mawe utakuangusha

Kuna dogo mmoja wa Tororo amepata kazi kwa stesheni ya umeme wa makaa ya mawe huko nje, juzi akanipigia usiku, "mzee, nikifika nianze kuangalia nini?" Sasa wacha niandike hapa na wengine wasome. Sisi Uganda umeme wetu mwingi ni wa maji, Bujagali, Isimba, Karuma, stesheni ya makaa hatuna, lakini nimekaa miaka mingi na boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke) ya kuni kwa kiwanda cha chai upande wa magharibi na nakwambia boila ni boila, ile kubwa inakufa kwa magonjwa yale yale ya ndogo.

Anza na maji, sio moto. Mgeni akifika macho yanakimbilia bomba la moshi na turbini, kumbe kinachozima mitambo ya makaa ghafla kuliko kitu kingine ni tyubu za boila kutoboka. Nje ya tyubu kuna moto, ndani kuna maji, na ni hayo maji ndo yanapoza chuma kisilainike. Maji yakiwa na chokaa yanaacha ukoko ndani, kama ule wa birika la nyumbani, chuma kinapata joto kupita kiasi, kinavimba, kinapasuka. Kwetu ilikuwa hivi: mtungi wa kulainisha maji, yaani kutoa chokaa, unaoshwa na chumvi, chumvi ikaisha stoo, tukaambiwa italetwa Jumatatu, hiyo Jumatatu ikawa wiki kadhaa na sisi tunalisha boila maji ya kisima hivyo hivyo. Saa tisa usiku, msimu umepamba moto, majani yamejaa sehemu ya kunyausha, nikasikia fwiii ndani ya tanuri alafu geji ya presha ikaanza kushuka. Boila ilipopoa tukakata ile tyubu, ndani ukoko mweupe, mnene kama ganda la yai. Gunia la chumvi bana!

Kwa stesheni kubwa presha iko juu zaidi kwa hivyo maji yanatolewa madini yote, na oksijeni pia maana inatoboa chuma vidoti vidoti. Siku ya kwanza uliza nani anapima maji, kila saa ngapi, na kama kondensa imewahi kuvuja. Kondensa ndo inageuza mvuke kuwa maji tena, ikivuja maji machafu ya kupozea yanaingia moja kwa moja kwa maji masafi ya boila. Wakianza kuangaliana usoni, jibu umeshapata.

Alafu nenda yadi ya makaa, utembee kwa miguu. Yale makaa yanasagwa yanakuwa unga laini kama poda ndo yanapulizwa tanurini na hewa moto, sasa yakilowa yanagandana njiani kama posho (ugali) iliyopikwa vibaya, kinu kinakosa joto la kuyakausha na moto unayumba. Afrika Kusini Januari 2008 makaa yaliyolowa na stoku ndogo vilikuwa kati ya sababu za nchi nzima kukatiwa umeme. Lundo lisiposhindiliwa vizuri hewa inapenya na linaweza kuwaka lenyewe. Omba pia karatasi ya maabara ulinganishe na makaa ambayo boila iliundiwa, maana majivu mengi yanakwangua tyubu kama msasa, na majivu yanayoyeyuka mapema yanashika ukutani mabonge mabonge mpaka joto halipiti.

Angalia pia njia ya makaa na maji mpaka kwa boila. Kitu gani kikianguka kimoja, kila kitu kinasimama? Pale Majuba, Afrika Kusini, silo moja, ghala refu la makaa, ilianguka tarehe 1 Novemba 2014, boila hazikuwa na shida yoyote lakini umeme ukashuka vibaya sana maana makaa hayafiki. Hesabu mikanda, vinu, feni, pampu za maji, na spea uzione kwa macho, usikubali "zimeagizwa".

Hesabu ya kujua mtambo unategemewa kiasi gani ni rahisi. Mwaka una saa 8,760, mtambo ukiwa tayari saa 7,446 hiyo ni asilimia 85. Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, mwaka 2022 walikuwa chini ya 60, na pale kuahirisha matengenezo kulichangia sana, kila mara umeme unahitajika leo, boila itapumzika kesho. Ila asilimia peke yake inadanganya, tenganisha kuzima kwa mpango na kuzima kwa ghafla, alafu uliza saa za kukimbia nusu: mtambo wa megawati 600, sawa na Karuma yote, ukipoteza feni moja unaweza kutoa 300 tu na kwa karatasi bado unasoma "umewaka". Hesabu na mara ngapi umezimwa na kuwashwa, maana chuma kinatanuka na kusinyaa kila mara na nyufa zinaanzia hapo.

Mwisho omba kitabu cha shifti, ukurasa wa usiku. Presha, maji, joto, kila saa namba ile ile, kalamu ile ile, mwandiko haujayumba hata kidogo? Hiyo imejazwa yote saa kumi na mbili asubuhi. Chukua tochi ushuke ukasome geji mwenyewe.