Paneli ya sola imeharibika: itengenezwe, ihamishwe kazi au iachwe?

Kioo cha paneli kikipasuka kwa jiwe la manati, wengi huona paneli imekufa. Kioo kikiwa kizima lakini umeme hautoki, nayo huambiwa imekufa. Mara nyingi hukumu zote mbili si sahihi. Ya kwanza kwa kawaida bado inatoa umeme, ila haitengenezeki. Ya pili haitoi, ila huenda ikarudi kwa kubadilisha daiodi, vipuri vidogo vya kisanduku cha nyuma vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Kwa mkulima wa nyanya, vitunguu au matikiti anayevuta maji kwa pampu ya sola huku mkoani Mwanza, iwe Magu, Misungwi, Sengerema au Ukerewe, kukosea hapa ni kununua paneli isiyohitajika au kuacha hatari shambani.

Kabla ya kugusa chochote, kumbuka kwamba paneli iliyo juani haizimiki. Sita za volti 37 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hufikisha volti zaidi ya 220 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), na umeme huo unaua. Zima kontrola ya pampu, kata swichi ya DC, funika paneli kwa turubai zito lisilopitisha mwanga, ndipo utenganishe konekta. Usichomoe konekta wakati pampu inafanya kazi: cheche ya DC haikatiki yenyewe kama ya umeme wa nyumbani, huendelea kuwaka na kuyeyusha plastiki. Na kama kioo kimepasuka na mvua imenyesha, usishike fremu ukiwa umesimama kwenye tuta lenye maji. Subiri pakauke.

Sasa pima, paneli moja moja, ikiwa imetenganishwa na nyingine. Huku Mwanza jua la utosi halifiki saa sita kamili bali karibu saa saba kasorobo, kwa hiyo pima kati ya saa sita na saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, baada ya kuosha kioo. Kuosha kwenyewe kufanyike asubuhi na mapema, kwa maji matupu na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua, na mchanga hukikwaruza.

Anza na volti. Geuza paneli, soma lebo, tafuta namba iliyoandikwa Voc, yaani volti za paneli isiyofungwa kwenye mzigo wowote. Namba hiyo ilipimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juani zinaweza kufika 55 au 60, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza volti kwa takriban asilimia 0.3. Hivyo paneli ya seli 60 yenye Voc ya 37.5 ikisoma 33 au 34 mchana ni nzima, usimruhusu mtu akuambie imechoka. Ikisoma 22 au 23, theluthi moja imepotea. Ikisoma 11, zimepotea theluthi mbili. Paneli ndogo ya seli 36, ile ya kuchajia betri ya volti 12, husoma karibu 20 ikiwa nzima na karibu 10 ikiwa nusu yake imepotea. Volti zikishuka kwa mafungu kamili namna hii, tatizo limo kwenye kisanduku cha nyuma au kwenye fungu moja la seli.

Kisha ampia, namba iliyoandikwa Isc, yaani mkondo wa paneli ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja. Paneli kubwa za siku hizi hupita ampia 10, na maltimita nyingi za mkononi huishia hapo. Kwa hizo tumia mita ya kubana waya inayosoma DC. Unganisha waya wa chanya na wa hasi wa paneli hiyo ikiwa imefunikwa, funua, soma, funika tena kabla ya kutenganisha. Usilinganishe na lebo tu, kwa sababu jua halilingani kila saa. Linganisha na paneli nzima ya aina ileile, iliyolazwa kwa mwinamo uleule, dakika hiyohiyo. Ikiwa chini ya asilimia 80 ya mwenzake, seli zimepasuka, zimeungua au unyevu umeingia.

Vipimo hivi viwili vinaweza kuwa vizuri na bado paneli ikashindwa kazi, kwa sababu kiungo kilicholegea ndani hakionekani mpaka mkondo upite. Jaribu kwa mzigo. Paneli ya wati 100 yenye seli 36, ifunge kwenye taa mbili za gari za volti 12, wati 55, zikiwa mfululizo. Paneli ya seli 60, tumia taa tatu. Pima volti taa zikiwa zinawaka: paneli nzima ya seli 36 hubaki juu ya 16. Ikianguka hadi 10 au 12 ilhali bila mzigo ilisoma 20, kuna kiungo kibovu.

Uharibifu unaotengenezeka karibu wote uko nyuma. Radi ni za kawaida kando ya Ziwa Victoria, na daiodi ndani ya kisanduku ndizo huathirika mapema. Radi ikipiga jirani, pima paneli zote, si ile tu unayoishuku. Fungua kisanduku paneli ikiwa imefunikwa. Paneli ya seli 60 au 72 kwa kawaida ina daiodi 3, ya seli 36 mara nyingi 2, kila moja na fungu lake la seli. Toa moja, ipime kwa alama ya daiodi kwenye maltimita: nzima huonyesha kama volti 0.15 hadi 0.4 upande mmoja na haionyeshi kitu upande wa pili. Ikisoma sifuri pande zote imekufa. Kabla ya kuweka mpya, funua paneli na pima volti za fungu lile lililokuwa na daiodi mbovu. Zikisoma karibu 11 kwa paneli ya seli 60, fungu ni zima na kazi inafaa kuendelea. Zisiposoma kitu, mkatiko uko ndani ya kioo na hakuna fundi atakayeufikia bila kuvunja seli. Hatua hii mafundi wengi huiruka, na mteja hulipia daiodi isiyosaidia.

Daiodi mpya ichukue mkondo usiopungua mara 1.25 ya Isc. Kwa paneli ya ampia 9, ile iliyoandikwa 15SQ045, yaani ampia 15 na volti 45, inatosha. Mstari wake uelekee kule ulikoelekea wa ile ya zamani. Ukifunga tena kisanduku, tumia silikoni isiyonuka siki, kwani ile inayonuka hutoa asidi inayokula shaba. Konekta iliyoyeyuka ikatwe, waya ubanwe kwa koleo lake maalumu, na pande zote mbili ziwe za kampuni moja. Dume la huku na jike la kule huingiliana vizuri kwa macho, lakini hulegea, hupata joto na kuungua.

Kioo ni habari nyingine. Kimeshikamana na seli kwa tabaka la plastiki lililoyeyushwa kiwandani, na seli zenyewe hazifiki unene wa milimita 0.2. Hakibanduki. Anayekuahidi kioo kipya anakuuzia hasara. Kupaka vanishi angavu ya polyurethane inayostahimili jua, baada ya paneli kukauka siku kadhaa, kunachelewesha maji tu; hakurudishi kinga ya umeme. Kwa hiyo paneli yenye kioo kilichopasuka itoke kwenye mfululizo wa pampu siku hiyohiyo, hata kama inasoma vizuri. Karatasi ya nyuma iliyochanika, iliyopasuka mistari au yenye doa la kuungua ichukuliwe vivyo hivyo.

Ihamishie kazi ya volti ndogo, peke yake: taa za banda la kuku, simu, betri za taa za dagaa. Iwe juu, mbali na watoto, na isiwe juu ya tuta la mboga maana vipande vya kioo hudondoka. Angalia kontrola ya kuchajia betri: nyingi ndogo hazivumilii volti za paneli ya seli 60. Na hata ikivumilia, kontrola ya bei nafuu ya aina iitwayo PWM kwenye betri ya volti 12 itakupa kama wati 110 tu kati ya 250, kwa sababu inatumia ampia na kuziacha volti zinazozidi.

Kwa yale yanayotengenezeka, gawanya gharama yote kwa wati zitakazorudi. Tuseme paneli ya wati 250 imepoteza theluthi, yaani wati 80 hivi, na daiodi pamoja na ufundi ni shilingi 20,000. Hiyo ni shilingi 250 kwa wati. Uliza dukani bei ya paneli mpya na uigawe vilevile. Tukisema mpya ni 200,000, wati moja ni 800. Tunashauri utengeneze ikiwa gharama haizidi nusu ya bei ya wati mpya, kwa kuwa iliyofunguliwa haina dhamana tena. Mkulima wa Ukerewe aongeze nauli ya kivuko kwenye hesabu, na mara nyingi ni nafuu fundi asafiri na mkoba wake kuliko paneli kusafiri. Ikibidi isafirishwe, isimame kwa ubavu, isilazwe chini ya magunia.

Wakati mwingine jibu ni kusubiri. Kwenye mfululizo wa paneli sita, kupoteza fungu moja ni kupungukiwa volti kama 10 kati ya 180. Pampu itachelewa kidogo kuamka asubuhi, basi. Kwenye paneli mbili tu, upungufu huohuo ni moja ya sita, na kontrola inaweza kugoma hadi jua lipande.

Ukinunua ya kuziba pengo, linganisha ampia kwanza, si wati. Paneli ya wati 550 yenye ampia 13 ikiwekwa kati ya zenye ampia 8.5 itashushwa hadi 8.5 na kukupa kama wati 360 tu. Pima pia ukubwa wake kwa futikamba: mita moja ya mraba haitoi zaidi ya wati 200 na kitu hata kwa paneli nzuri. Yenye lebo ya wati 300 na eneo la mita moja ya mraba ina lebo ya uongo.

Iliyokwisha kabisa isivunjwe wala kufukiwa ufukweni. Lehemu inayounganisha seli kwa kawaida ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Fremu ya alumini hununuliwa na wa vyuma chakavu. Kabla ya kuitoa, kata nyaya na konekta zake, chomoa daiodi zilizo nzima, uzihifadhi pakavu kama vipuri vya zile zilizobaki.