Kuwasha na kulinganisha chensoo kubwa za zamani

Wakuu, ukipata Stihl 070 (cc 106), 090 (cc 137) au Husqvarna 2100 (cc 99) pale Gerezani, Dar, usikurupuke kuipima kwa makelele tu, mashine inajulikana ikiwa ndani ya gogo.

Kwanza mafuta. Changanya petroli na oili ya tustroki, mashine za zamani mimi naweka lita 25 kwa lita moja ya oili, moshi upo kidogo ila pistoni inapona. Chomoa plugi uiangalie, safisha filta ya hewa, halafu washa mashine ikiwa chini umeikanyaga mshikio wa nyuma, usiwashe mkononi kabisa, nyingi ya hizi hazina breki ya cheni.

Ikipata moto vuta resi yote bila mzigo uisikilize. Inatakiwa ikwarue kwarue kidogo, ukiizamisha kwenye mti sauti inanyooka. Ikilia kali na safi hewani ujue mafuta yanayoingia ni machache, fungulia skrubu ya kabureta taratibu maana mafuta yakipungua ndo pistoni zinapokufa, na joto letu la Dar haliko upande wako.

Kulinganisha sasa: baa (lile bamba cheni inapozungukia) urefu mmoja, cheni aina moja zote zimepigwa tupa upya, gogo lile lile la mwembe, shika saa, kata mara tatu kila moja. 2100 inazunguka haraka, ila 090 ukiilalia kwenye gogo nene haikati pumzi, na mimi kwa kupasua mbao naichukua hiyo. Ukimaliza iache isailensi (inguruma taratibu bila resi) dakika moja ndo uzime.