SOMO: Kuchagua mipangilio ya swingi na bluzi kwa bendi ndogo (soma kwanza, uliza baadaye)

Ujumbe ni uleule kila mara: "Mkuu, nirushie noti za jazi." Za vyombo gani? Naandika hapa mara moja, iishe.

1. Hesabu wanaofika mazoezini, si waliojiandikisha.

2. Tafuta mpangilio (noti za wimbo zilizogawiwa kila chombo) wa idadi hiyo. Bendi kubwa ya swingi ni watu 17: saksofoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, piano, gitaa, besi na drams. Mkiwa 7, chukua ulioandikiwa vyombo 3 vya kupuliza. Usichukue wa 17 ukaanza kunyofoa.

3. Anzeni na bluzi ya baa 12 (baa ni kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima). Kwa wanakwaya, kodi (noti zinazolia pamoja) zinakwenda hivi: do baa 4, fa 2, do 2, so 1, fa 1, do 2.

4. Ufunguo. Hapa ndipo bendi nyingi za Tabora zinakwama. Mpiga gitaa atang'ang'ania E kwa sababu inamkaa vidoleni. Noti za tarumbeta na saksofoni (tenor na alto) huandikwa kwa ufunguo tofauti na wa piano. Kwa hiyo mkimkubalia, tarumbeta na tenor watasoma F shapu, yaani shapu (alama za kupandisha noti nusu toni) 6, na alto C shapu, shapu 7. Chagueni B flati: tarumbeta na tenor wanasoma C, alto G, tromboni anasoma B flati sawa na piano. ANGALIZO: usimtolee mpiga tarumbeta kopi ya karatasi ya piano. Kila noti itatoka chini kwa toni nzima, kisha mtashinda mkibishana nani ametuni vibaya wakati vyombo vyote viko sawa. ANGALIZO LA PILI: kabla ya kuchapisha, tazama noti ya juu kabisa ya tarumbeta ya kwanza. Ikipita ile G inayokalia mstari wa tano, na mpigaji wako bado mchanga, weka mpangilio huo kando. Mdomo utaisha kabla wimbo haujaisha.

5. Kasi: mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Kwenye swingi, nusu mbili za kila pigo hazilingani. Ya kwanza inakula theluthi mbili. Hai-hati (matoazi mawili ya kanyagio) ifunge pigo la 2 na la 4. Drams akianza kuchombeza rumba, simamisheni.

MASWALI

Mzee wa Cheyo: Mkuu naomba PDF.
— Hatua ya 1. Mko wangapi?
Mzee wa Cheyo: Tupo wengi tu.
— Mpangilio wa "wengi tu" haujaandikwa.

Binti Isevya: Shikamoo mwalimu. Sisi tumetokea matarumbeta ya kanisani. Wa tromboni asipokuja tufanyeje?
— Marahaba. Hilo ndilo swali. Kodi ya do kwenye bluzi ni do-mi-so-ta (ta ni ti iliyoshushwa nusu toni). Do anayo besi, so ikikosekana hakuna atakayeitafuta. Lindeni mi na ta. Kodi ikihamia fa, mi inashuka nusu toni kuwa ma, ta inashuka nusu toni kuwa la. Kwenye kodi ya so, lindeni ti na fa. Kama tromboni ndiye alishika mojawapo, mpe tenor. Jaribuni hizo mbili na besi peke yake: bluzi nzima inasikika.

Binti Isevya: Asante sana. Wimbo wa kuanzia?
— "C Jam Blues" ya Duke Ellington. Melodi yake ni noti mbili tu, so na do, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye swingi. Iko C: tarumbeta D, alto A.

Kitete Boy: Nje ya mada, vali za tarumbeta zinanata na hili vumbi.
Besi Mkongwe: Mafuta ya kula usithubutu, yanaganda. Toa vali moja moja, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tia matone machache ya mafuta ya vali. Zina namba 1 hadi 3. Ukizichanganya, hewa haipiti.