Moli na tungamo la moli: namna ya kuhesabu atomu kwa mizani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapofika kwenye mada ya moli, mara nyingi hukabidhiwa kanuni tatu au nne za kukariri, na tangu siku hiyo kila swali la hesabu za kemia kwake huwa ni kubahatisha ni kanuni ipi itumike. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Unaanza na tatizo ambalo moli iliwekwa ili kulitatua, kisha unaonesha hesabu zenyewe kwa vitu ambavyo msomaji wa Kigoma anavifahamu, yaani maji ya Ziwa Tanganyika, chumvi ya Uvinza na sabuni ya mawese. Anayeelewa tatizo hahitaji kukariri mengi.

Tatizo ni hili: atomu humenyuka kwa idadi, lakini maabara haina chombo cha kuzihesabu moja moja, kilichopo mezani ni mizani. Fundi anayenunua bolti na nati kwa kilo katika duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, mjini Kigoma, hukutana na jambo la namna hiyo hiyo. Kila bolti huhitaji nati moja, lakini akichukua kilo moja ya bolti na kilo moja ya nati, atabaki na nati nyingi zisizo na mwenzake, kwa kuwa nati ni nyepesi kuliko bolti. Akishajua kwamba bolti moja ina gramu 50 na nati moja gramu 15, ataagiza kilo 5 za bolti na kilo 1.5 za nati, naye atapata 100 kwa 100 bila kuhesabu hata moja. Uzito sawa haumaanishi idadi sawa. Lakini anayejua uzito wa kimoja anaweza kupata idadi kwa kupima.

Jedwali la elementi hutupa taarifa hiyo hiyo kuhusu atomu. Kwa kukadiria, atomu ya haidrojeni ina tungamo (yaani uzito wake ukilinganishwa na wa atomu nyingine) la 1, ya kaboni 12, ya oksijeni 16, ya sodiamu 23 na ya klorini 35.5. Kwa hiyo gramu 12 za kaboni na gramu 16 za oksijeni zina idadi ileile ya atomu, na idadi hiyo ndiyo iliyopewa jina la moli moja. Kwa miaka mingi moli ilielezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 maelezo rasmi yamegeuzwa, na sasa moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kupungua wala kuzidi. Darasani tunatumia 6.02 × 10²³. Namba hiyo inaitwa namba ya Avogadro, kwa heshima ya Mwitaliano Amedeo Avogadro, ambaye mwaka 1811 alieleza kwamba gesi zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na mgandamizo ule ule, zina idadi sawa ya molekuli. Yeye mwenyewe hakuwahi kuijua namba hiyo. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza mwaka 1909 iitwe kwa jina lake.

Ukubwa wa namba hii unastahili kutazamwa kwa utulivu kabla ya kuendelea. Mililita 18 za maji, kiasi kinachozidi kidogo kijiko kikubwa cha mezani, ni gramu 18, na hiyo ni moli moja ya maji. Ziwa Tanganyika lina takriban kilomita za ujazo 18,900 za maji. Ukiligawa lote katika vipimo vya mililita 18, utapata vipimo vipatavyo 1.05 × 10¹⁸. Sasa gawanya 6.02 × 10²³ kwa namba hiyo. Jibu ni kama 570,000. Maana yake ni kwamba, kama ungeweza kuzitia alama molekuli zote za kipimo kimoja tu, ukazimwaga pale bandarini Kigoma na kulikoroga ziwa zima mpaka Mpulungu kule Zambia, basi kila kipimo ambacho ungekichota baadaye, popote ziwani, kingekuwa na molekuli zako zaidi ya nusu milioni. Ndiyo maana hatuhesabu molekuli moja moja.

Kazi ya kwanza katika swali lolote ni kutafuta tungamo la moli, yaani gramu za moli moja ya kitu husika. Soma fomula yake, chukua tungamo la kila atomu kutoka kwenye jedwali, zidisha kwa idadi ya atomu hizo, kisha jumlisha. Chumvi ya mezani, NaCl, ni 23 + 35.5, yaani gramu 58.5 kwa moli. Maji, H₂O, ni 2 × 1 + 16, yaani gramu 18 kwa moli. Makosa huanza pale fomula inapokuwa na mabano au maji ya fuwele. Katika chokaa iliyozimuliwa, Ca(OH)₂, ile 2 iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani: 40 + 2 × (16 + 1) = 74. Anayeizidisha kwa haidrojeni peke yake hupata 58, na hesabu yote inayofuata huharibika. Mrututu, ule wa rangi ya bluu unaopatikana katika maabara nyingi za shule, ni CuSO₄·5H₂O; hapo molekuli tano za maji ni sehemu ya kile unachokipima, kwa hiyo 63.5 + 32 + 64 + 5 × 18 = 249.5. Kumbuka pia kwamba gesi ya oksijeni husafiri atomu mbili mbili, hivyo moli yake moja ni gramu 32, si 16.

Kazi ya pili ni kuvuka kutoka gramu kwenda moli. Hapa nina msimamo ambao nitausema wazi: ile pembetatu ya kukariri, yenye gramu juu na herufi mbili chini, humdhuru mwanafunzi kuliko inavyomsaidia, kwa sababu humwezesha kupata jibu bila kujua ametoka wapi. Andika vizio badala yake, yaani gramu, moli au lita zinazoambatana na kila namba. Chukua kilo moja ya chumvi ya Uvinza, inayotengenezwa kwa kukausha maji ya chemchemi za chumvi zilizo karibu na mto Ruchugi, na tuichukulie kuwa ni NaCl tupu. Gramu 1,000 ukizigawanya kwa gramu 58.5 kwa moli, gramu hufutana na gramu, na kinachobaki ni moli: 17.1. Ukizidisha kwa makosa, utapata 58,500, na kizio kitakuwa gramu mara gramu kwa moli, kitu ambacho hakina maana yoyote. Kizio chenyewe kitakuwa kimekuambia kwamba umepotea, hata kabla mwalimu hajafika kwenye daftari lako.

Kutoka moli kwenda idadi ya chembe ni kuzidisha kwa 6.02 × 10²³, basi. Jambo la kuangalia ni swali linauliza chembe gani. Chumvi haina molekuli. Ina ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za klorini zilizopangana. Gramu 5.85 za chumvi ni moli 0.1, yaani jozi 6.02 × 10²² za ayoni, lakini ayoni zenyewe ni mara mbili ya hapo, yaani 1.20 × 10²³.

Kazi ya tatu ndiyo kiini cha mada, nayo ni kulinganisha kitu kimoja na kingine. Kanuni yake ni moja: usivuke kutoka gramu za kitu hiki kwenda gramu za kitu kile bila kupitia moli. Chumvi yenyewe inatupatia mfano mzuri. Ili kukinga watu na tezi la shingo, chumvi huongezewa madini joto, yaani iodini, na kwa kawaida haiongezwi ikiwa peke yake bali katika umbo la ayodeti ya potasiamu, KIO₃. Tuseme mzalishaji anataka kila kilo ya chumvi iwe na miligramu 40 za iodini. Kwa tani moja ya chumvi atahitaji gramu 40 za iodini. Je, apime gramu ngapi za ayodeti? Iodini ina gramu 126.9 kwa moli, kwa hiyo 40 ÷ 126.9 = moli 0.315. Kila chembe ya KIO₃ ina atomu moja ya iodini, kwa hiyo moli za ayodeti nazo ni 0.315. Tungamo la moli la KIO₃ ni 39.1 + 126.9 + 48 = 214. Zidisha: 0.315 × 214 = gramu 67.4. Mtu asiyepitia kwenye moli angepima gramu 40 za ayodeti akidhani amemaliza, na chumvi yake ingekuwa na miligramu 23.7 tu za iodini kwa kilo. Kosa hilo halionekani kwa macho wala halionjwi kwa ulimi, lakini mlaji ndiye angelibeba.

Sabuni ya mawese inaongeza hatua moja, kwa sababu hapa uwiano si 1 kwa 1. Molekuli ya mafuta ina mikia mitatu ya asidi za mafuta, na kila mkia huhitaji chembe moja ya kostiki soda, NaOH, ili ugeuke kuwa sabuni. Mlinganyo wake, kwa maneno, ni kwamba moli moja ya mafuta na moli tatu za NaOH hutoa moli tatu za sabuni na moli moja ya gliserini. Mawese ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa, kwa hiyo tunatumia wastani, ambao ni karibu gramu 848 kwa moli. NaOH ni 23 + 16 + 1, yaani gramu 40 kwa moli.

Anza na kilo moja ya mawese. Gramu 1,000 ÷ 848 = moli 1.18 za mafuta. Mlinganyo unadai mara tatu, kwa hiyo 1.18 × 3 = moli 3.54 za NaOH. Rudi kwenye gramu: 3.54 × 40 = gramu 141.6, tuseme 142. Ukitaka kujua gliserini itakayotoka, ambayo ina gramu 92 kwa moli, rudi kwenye zile moli 1.18 na uzidishe: karibu gramu 109. Ona kwamba namba 3 ilizidisha moli, haikuzidisha gramu. Kuna wanafunzi wanaochukua gramu 848 na kuzilinganisha na gramu 40 moja kwa moja, wakiisahau ile 3. Hao hupata gramu 47 za kostiki, na sehemu kubwa ya mawese yao itabaki mafuta.

Hesabu hii inatoa kiwango cha juu kabisa cha kostiki. Watengenezaji makini hupunguza kostiki kwa kama asilimia 5, hivyo kwa kilo moja ya mawese hutumia karibu gramu 135, ili pasibaki kostiki ya kuchoma ngozi ya mtumiaji. Anayetaka kulijaribu jambo hili kwa vitendo avae glavu na miwani ya kinga, atie kostiki ndani ya maji na kamwe asimimine maji juu ya kostiki, kwa kuwa joto linalotoka linaweza kuirusha usoni.

Kuhusu gesi sitakaa sana. Moli moja ya gesi yoyote, katika nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa angahewa moja, huchukua lita 22.4, na katika mitihani hugawanya lita kwa 22.4 ukapata moli. Hata hivyo, namba hiyo ni ya masharti hayo tu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, na joto la mchana mara nyingi hukaribia nyuzi 25 au kuzidi. Katika maabara ya Kigoma moli hiyo hiyo ya gesi itachukua karibu lita 27. Usiitumie 22.4 kwa maji, mafuta wala kimiminika kingine chochote.

Matumizi ya mwisho ni kutengeneza myeyusho, kazi ambayo utaikuta mara tu baada ya mada hii, kwenye upimaji wa asidi na besi. Ukiombwa mililita 500 za myeyusho wa NaOH wenye moli 0.1 kwa lita, kwanza geuza mililita kuwa lita: 0.5. Zidisha 0.5 kwa 0.1, nawe una moli 0.05. Zidisha kwa gramu 40 kwa moli, nawe una gramu 2.0 za kupima. Ziyeyushe kwanza katika maji machache ndani ya bika, subiri myeyusho upoe, umimine kwenye chupa ya kupimia yenye alama ya mililita 500, suuza bika na umimine humo maji ya kusuuzia, kisha ongeza maji mpaka yafike kwenye alama. Usianze na mililita 500 za maji halafu ukatia NaOH ndani yake, kwa sababu kiwango kinachotakiwa ni cha moli kwa lita ya myeyusho, si kwa lita ya maji.