Mafundi wakinyamaza, gereji imeharibika: namna nilivyoanza upya Tororo

Gereji ninayoiendesha iko Tororo, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara ya kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Tunatengeneza malori: breki, springi, magurudumu, kuchomelea. Tuko watu 14. Nakuandikia wewe mwenye watu watano au ishirini chini yako, wanaofika kwa wakati, wanaitikia "ndiyo bosi", na jioni wanaondoka bila kujali kilichobaki nyuma. Hali hiyo naijua vizuri.

Miaka minne iliyopita lori lilitoka kwetu limebeba saruji, likarudi baada ya nusu saa. Gurudumu la nyuma lilikuwa likicheza. Nati tatu zilikuwa zimekazwa kwa mkono tu. Mungu alisaidia, dereva alisikia mlio mapema. Katika kuulizana ikajulikana kwamba mwanagenzi wetu mmoja, kijana wa miaka 19, aliziona nati zile kabla lori halijafika getini, akanyamaza. Nilimwita pembeni. Akaniambia, "Mama, ningesema, Mzee aliyezikaza angekatwa mshahara. Ningemtazamaje tena?"

Kijana alisema kweli. Siku zile kila kosa lilikuwa na bei yake. Spana ikipotea, makato. Kazi ikirudi, makato. Niliamini nafundisha uangalifu, kumbe nafundisha watu kufichiana.

Kwa hiyo ukitaka watu waijali kazi, anza kwa kufuta makato ya makosa. Yafute mbele ya wote, useme kuanzia tarehe gani, na usiyarudishe hata siku umeumia. Mahali pake weka ukaguzi wa watu wawili. Kwetu anayekaza nati hatii sahihi peke yake. Mwingine anazipitia, naye anatia sahihi kwenye kadi ya gari. Huyo wa pili anaweza kuwa mwanagenzi. Spana nazo tulizichorea ubao ukutani, kila moja na kivuli chake cha rangi, hivyo jioni pengo linaonekana kabla mtu hajaanza kumshuku mwenzake.

Kisha fungua daftari la makosa. Letu linasomwa kila Ijumaa saa kumi, dakika ishirini, watu wakiwa wameketi. Wiki tatu za mwanzo hakuna aliyeandika neno. Niliandika ya kwangu: niliagiza bitana za breki za aina isiyofaa kwa sababu sikumsikiliza mtu wa stoo, na lori la mteja likalala kwetu siku mbili. Nikasoma kwa sauti. Wiki ya nne Mzee mwenyewe, yule wa nati, akasimama akaeleza kwamba siku ile alikuwa ameitwa simu ya msiba katikati ya kazi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata mimi sikumuuliza, nilimkata mshahara.

Jambo moja la lazima: kila neno linaloandikwa lipate jibu lenye tarehe. "Glavu za kuchomelea zimetoboka." Jibu: "Zitanunuliwa kabla ya tarehe 12." Ikishindikana, tarehe 12 hiyohiyo sema imeshindikana na kwa nini. Watu huvumilia kukataliwa kuliko kuachwa wakingoja.

Sasa lugha, nayo nataka tukae hapa kidogo. Gereji yangu ina Waiteso, Wajopadhola, Wasamia, Wasoga na wawili kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana ndicho madereva wa Mombasa wanachokuja nacho. Lakini Uganda Kiswahili kina kumbukumbu yake. Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa umri wa Mzee kilibaki kuwa sauti ya askari kwenye kizuizi: kuja hapa, kaa chini, toa kitambulisho. Baraza la mawaziri lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ila uamuzi wa Kampala hauondoi hofu iliyomo mwilini. Nilimwona Mzee akishtuka kila msimamizi alipopaza sauti, "Wewe! Lete jeki!" Amri fupi za aina ile zilikuwa zinafunga midomo ya watu wazima na ya watoto.

Tukakubaliana, na tukaanza na wasimamizi: hakuna "wewe" katika gereji. Mtu mzima ni Mzee au Mama, kijana anaitwa kwa jina lake, na kifaa kinaombwa. "Mzee, naomba jeki." Ukipewa, unasema asante. Mambo ya kazi yanasemwa kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, na anayeona ugumu anaeleza kwa Ateso au Dhopadhola, mwenzake anatafsiri. Usiwacheke wanaokosea ngeli. Nimeona fundi hodari akikaa kimya mwezi mzima kwa sababu ya kicheko kimoja.

Kuhusu mshahara nitasema machache, lakini bila hayo mengine yote ni maneno. Chagua tarehe na uishike. Yetu ni 28. Mteja akichelewesha malipo, waambie tarehe 25, usingoje 29. Ukilipa kwa simu, kumbuka serikali inatoza asilimia 0.5 mtu anapotoa pesa, mbali na ada ya kampuni ya simu. Kwa mshahara wa shilingi 300,000 kodi hiyo pekee ni 1,500. Sisi tunaongeza gharama ya kutolea juu ya mshahara. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwako, na inatakiwa ifike kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anadaiwa. Wasaidie watu wako wafungue taarifa zao kwenye simu waone pesa imeingia. Mchomeleaji wetu alipoiona yake mara ya kwanza alimpigia mkewe palepale.

Likizo: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mtu siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Wengi wetu tuna mashamba, kwa hiyo Machi mvua zikianza kila mtu anataka kwenda kupanda. Bandika kalenda ukutani mwezi wa Januari, waache wapangane wenyewe. Kwetu waligawana Machi kwa zamu ya siku tano tano, vizuri kuliko ningewapangia mimi. Msiba hauna kalenda. Tuna sanduku, 5,000 kila mtu kwa mwezi na gereji inaweka kiasi kilekile, na mfiwa anapewa siku tatu bila kuulizwa cheti.

Chakula cha mchana kiwe chungu kimoja, posho (ugali) na maharage, na wewe ule humo.

Itafika siku utalazimika kumwachisha mtu. Sheria inataka umweleze sababu, umsikilize, naye ana haki ya kuja na mtu anayemchagua. Nilifanya hivyo kwa kijana aliyeuza dizeli ya mteja. Alikuja na Mzee. Hakurudi kazini, lakini waliobaki walijua alisikilizwa, na wiki ile hawakuacha kuandika kwenye daftari.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili na nusu jioni, dereva alikuwa ameshawasha injini, anaharakisha awahi foleni ya Malaba. Yule kijana wa nati, sasa ana miaka 23, akasimama mbele ya lori na kadi mkononi. "Mzee, naomba uzime. Sijatia sahihi." Dereva akapiga honi, akanitazama mimi. Nikamwonyesha kijana. Alizunguka magurudumu yote, moja baada ya jingine, dakika kumi na tano, kisha akatia sahihi na kufungua geti.