Namna ya Kutega Vitendawili vya Ndege na Roketi

Unahitaji watu wanne au zaidi waliogawanyika makundi, kadi za manila zilizokatwa ukubwa wa kiganja, maka peni, kaunta buku moja na mtu wa kushika saa. Simu zote ziingie kwenye kapu kabla ya kuanza, na ya mwenye nyumba itangulie. Sisi hapa Forest, Mbeya, tunaucheza zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapowaingiza watu ndani mapema. Umeme ukikatika tunaendelea kwa taa ya chaji, ndiyo maana nasisitiza maka peni. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya kawaida haisomeki kwenye mwanga hafifu, na mtegaji akianza kukwamakwama utamu wote unakatika.

Mimi nilikuwa mpima hali ya hewa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa hapa jijini, kabla safari hazijahamia Songwe mwaka 2012. Historia ya kuruka naipenda kwa moyo wote, na wajukuu zangu wameipenda kupitia mchezo huu kuliko kupitia kitabu chochote nilichowanunulia.

Utaratibu ni ule ule wa vitendawili tuliokulia nao. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wengine wanaitikia "Tega!" Kisha anasoma madokezo matano, moja moja, akianza na gumu. Kundi likipatia kwenye dokezo la kwanza linachukua pointi 5, kwenye la pili 4, hivyo hivyo mpaka 1. Kila baada ya dokezo mshika saa anahesabu nusu dakika. Kundi likikosea halina ruhusa ya kujibu kwenye dokezo linalofuata. Adhabu hii usiiondoe, maana bila hiyo watoto watamwaga kila jina wanalolijua na hakuna atakayefikiri.

Wote wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipeni mji!" Hapa nimeongeza sharti. Mji unaotolewa lazima uwe na nafasi yake katika historia ya ndege au ya anga, na anayeutoa aeleze ni nafasi gani. Ukishapokelewa unaandikwa kwenye kaunta buku na hautolewi tena usiku huo. Mwanzoni watu hutoa Dar es Salaam na Nairobi. Wakishazoea utasikia Baikonur, alikorushwa Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu. Toulouse, zinakoundwa ndege za Airbus. Kourou kule Guiana ya Ufaransa, ilikorushwa darubini ya James Webb siku ya Krismasi mwaka 2021. Mjukuu wangu wa darasa la sita alitoa Clifden. Wakubwa wakaguna, wakasema mji huo hawaujui. Akawaeleza taratibu kwamba uko Ireland, na kwamba karibu na hapo ndipo walipotua Alcock na Brown mwezi Juni 1919, baada ya kuvuka Atlantiki bila kusimama. Mji ulipokelewa kwa makofi.

Kazi yenyewe iko kwenye kuandika kadi. Kadi nzuri ni ile ambayo mtu asiyelijua jibu anaweza kulifikia kwa kufikiri. Ukiuliza "Gagarin alirushwa tarehe ngapi?", ama mtu anajua kuwa ni 12 Aprili 1961, ama anakaa kukutazama. Hii hapa ni mojawapo ya kadi zangu, naiandika nzima:

Mimi ni mtu.
1. Nilizaliwa Roma mwaka 1930, lakini mimi si Mwitaliano.
2. Mwaka 1966 nilitoka nje ya chombo changu nikaelea angani.
3. Chombo nilichokiongoza katika safari yangu ya mwisho ya anga kiliitwa Columbia.
4. Kila nilipopita upande wa nyuma, hakuna redio ya duniani iliyonifikia.
5. Wenzangu wawili walishuka, mimi nikabaki nikizunguka.

Jibu ni Michael Collins wa Apollo 11, safari ya kwanza kushusha watu Mwezini. Liangalie dokezo la tatu. Anayesikiliza juujuu atakimbilia ile Columbia nyingine, chombo cha anga cha Marekani kilichokuwa kikienda na kurudi, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kuvunjika ikirudi duniani Februari 2003, ataje mwanaanga wa miaka hiyo na kufungiwa. Aliyetulia atajiuliza kwanza: mtu aliyeelea angani 1966, safari yake ya mwisho ilikuwa lini? Dokezo la nne linawarudisha wote njiani, maana upande wa nyuma wa nini kama si wa Mwezi? Kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu, alilinasa hapo hapo. Jina hakulikumbuka, akasema, "Ni yule wa tatu wa Apollo 11, ambaye hakukanyaga." Tulimpa pointi zake 2, nami nakushauri ufanye hivyo. Jina litakuja siku nyingine.

Kwa hiyo dokezo la kwanza liwe jambo la pembeni, la pili litoe mwaka au zama, la tatu liwe njia panda, la nne liifunge njia ya upotevu, la tano libakize jina tu. Anza kila kadi kwa kutangaza kama ni mtu, mji au kitu. Kadi za vitu ndizo watu huzisahau, na zina raha yake. Mimi ninayo ya kipande cha mti: kilikuwa sehemu ya pangaboi la ndege ya ndugu Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, kisha Neil Armstrong akakibeba pamoja na kipande cha kitambaa cha bawa la ndege hiyo mpaka Mwezini mwaka 1969. Kutoka mruko ule wa kwanza wa sekunde 12 mpaka Mwezini ni miaka 66. Nikisoma kadi ile, wazee wa rika langu hunyamaza kabla ya kujibu.

Maneno "wa kwanza" yashike kwa uangalifu, maana ndiyo yanayozua ugomvi. Nani alikuwa wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama? Wengi watasema Lindbergh, rubani wa Marekani. Yeye mwaka 1927 alikuwa wa kwanza kuivuka akiwa peke yake kutoka New York hadi Paris. Alcock na Brown walikuwa wamemtangulia kwa miaka 8. Ndege ya abiria ya kwanza kupaa kati ya zile zenye uwezo wa kuipita kasi ya sauti si Concorde, ni Tu-144 ya Warusi, iliyopaa 31 Desemba 1968. Concorde ilifuata 2 Machi 1969. Kati ya vyombo vya Marekani vya kuchunguza sayari za mbali, Voyager 2 ilirushwa kabla ya Voyager 1, zote mwaka 1977. Na ukimtega Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, andika "raia wa kwanza wa nchi ya Afrika", kwa sababu Patrick Baudry, Mfaransa aliyezaliwa Cameroon, alishafika huko mwaka 1985. Neno moja likikosekana kwenye kadi, usiku mzima unaishia kwenye mabishano.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote: tega mambo ya kwetu. Watoto wengi huku wanadhani habari hizi zote ni za Marekani na Urusi, wakati nyingine zimepita juu ya mapaa yetu. Ninayo kadi inayoanza hivi: "Mimi ni mji. Ndege iliyonijia ilitoka Dodoma, na ikiniacha ilikwenda Mpika." Watu hukimbilia Zambia, wengine Malawi. Dokezo la pili linasema mwaka ni 1932, la tatu linasema ndege ni za Imperial Airways, kampuni ya Waingereza, zimetoka London zinaelekea Cape Town. Wanahangaika na ramani kichwani mpaka mmoja anapiga kelele kwamba ni hapa hapa. Ndiyo, ni Mbeya. Njia ile ilishuka Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, ikaendelea kusini. Mwaka 1937 kampuni ikageukia ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani kupitia Lindi mpaka Durban, nasi wa nyanda za juu tukaachwa.

Kadi hiyo huwa naifuatisha na swali la nyongeza la pointi 3: ndege ile ile, na mzigo ule ule, kwa nini inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia Mbeya kuliko Dar es Salaam? Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo bawa linapata nguvu ndogo ya kuinua na injini inavuta hewa pungufu. Ndege inalazimika kukimbia zaidi kabla ya kuondoka ardhini, na jua la mchana likiwaka mambo yanakuwa magumu zaidi, maana joto nalo linaifanya hewa kuwa nyepesi. Kipimajoto nilichokuwa nakisoma kilikuwa na kazi hiyo pia: rubani alihitaji namba ile ili ajue abebe mzigo kiasi gani.

Kadi nyingine za kwetu nazitaja kwa haraka, uzipange mwenyewe. Puto kubwa la Wajerumani lenye injini, L 59, liliondoka Yambol, Bulgaria, Novemba 1917 likileta silaha na dawa kwa jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck kusini mwa nchi hii, likaamriwa kurudi likiwa juu ya Sudan. Tunguu, Zanzibar, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vya kwanza vya Marekani kubeba watu angani, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 kituo hicho kilikuwa kazini. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ng'ambo ya Tunduma, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza mpango wa Wazambia kwenda Mwezini mwaka 1964. Kadi yake isomwe kwa heshima, asichekwe. Na kwenye sahani za dhahabu za Voyager kuna salamu katika lugha 55. Kinyanja kimo, Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Hilo huwauma watu, na wanalikumbuka daima.

Kimondo cha Mbozi nakikataa, ingawa kila mgeni kutoka Vwawa anataka kukitega. Kimetoka angani, ni kweli, lakini hakikurushwa na mtu.

Ajali zinaruhusiwa kwa sharti moja: jibu liwe mtu au chanzo, kamwe lisiwe idadi ya waliokufa. Kadi yangu ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani, inaanza na baridi. Asubuhi ya 28 Januari 1986 kule Florida ilikuwa ya baridi isiyo ya kawaida kwa eneo lile, na pete ya mpira iliyoziba kiungio cha roketi ya pembeni ilikuwa imekakamaa, ikashindwa kuzuia gesi ya moto. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia. Mtu aliyefanya kazi ya kuandika nyuzi za joto hawezi kuisoma kadi hiyo kwa haraka, na sitaki mtu yeyote aisome kwa haraka.

Makundi yakifungana, maliza kwa namba. Kila kundi linaandika kisio lake kwenye karatasi bila kuonyesha wengine, na aliyekaribia zaidi ndiye mshindi. Weka akiba ya namba kadhaa: safari ya Gagarin ilichukua dakika 108, Lindbergh alikaa hewani saa 33 na nusu, L 59 ilikaa hewani saa 95. Hiyo ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu hakuna anayeamini puto lingekaa juu karibu siku nne, na makisio huachana mbali. Kundi lililoshinda ndilo linaloandika kadi za wiki inayofuata, na kapu la simu linafunguliwa.